Fundi wa mitungi ya kuzimia moto, Kilombero, Arusha

Kama una gesti au duka hapa Arusha na mkaguzi wa Zimamoto amekuandikia kwamba mitungi yako haifai, ipeleke kwa yule mzee mwenye kibanda nyuma ya Soko la Kilombero. Bei yake imezidi kidogo ya wale vijana wanaopita na pikipiki, lakini wale hukubandikia stika mpya na kuondoka. Mtungi wangu wa unga ulikuwa na stika ya mwaka huu na mshale wa geji uko kwenye kijani. Mzee aliufungua mbele yangu: unga umeganda kama sementi. "Mama, huu ungekufaa kumpigia mwizi," akasema.

Ule wa kaboni dayoksaidi ninaouweka karibu na mein swichi hauna geji, kwa hiyo aliupandisha kwenye mizani, akalinganisha na uzito uliogongwa kwenye chuma chake. Mwepesi. Ningejuaje?

Ukisubiri utapewa na historia, utake usitake. Aliajiriwa zimamoto wakati huo ikiwa bado idara ya manispaa. Gari lilipoharibika, anasema, fedha za kulitengeneza zilijadiliwa kikao kimoja na taka na choo cha soko, na choo kilishinda. Waliomtangulia walikuta mabaya zaidi: serikali ilifuta halmashauri za miji mwanzoni mwa miaka ya 1970, huduma za mijini zikazorota, ikabidi halmashauri hizo zirudishwe 1978. Halafu ikaja Sheria ya mwaka 2007 iliyoanzisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, madiwani wakabaki watazamaji. Hilo bado linamuuma. Zamani ukimkuta diwani kwa mama ntilie unamuuliza gari la zimamoto liko wapi. Leo utamuuliza nani, waziri?

Mimi hapo simuungi mkono. Mkaguzi aliyekuja kwangu hakujua diwani wetu ni nani wala mume wangu anakunywa na nani. Aliandika kasoro zote, hadi mlango wa nyuma niliouzibia kwa kreti za soda, na malipo yakaenda kwa kontrol namba. Ila mzee ana hoja moja nzito: kibali cha ujenzi bado kinatoka halmashauri. Kuna vichochoro kata ya Unga Limited ambavyo hata bajaji inapita kwa kubembeleza. Ukipiga 114 kuita zimamoto, gari litaishia barabarani, na aliyeruhusu zile kuta hatakuwepo kuvuta mpira wa maji.

Kasoro za fundi: simu hapokei, na mitungi mikubwa ya magurudumu haigusi. Tena hana ya kukuazima wakati yako iko kwake, kwa hiyo peleka nusu kwanza, nusu ibaki ukutani. Ijumaa mchana hufunga kwa ajili ya swala.