Nyumba ya shamba ya Normandy, kipimo cha 1/35: kuta safi, paa la kunitoa jasho

Seti hii ya plasta ya kuunda nyumba ya mfano, ndogo mara 35 kuliko ya kweli, niliinunulia dayorama yangu (mandhari ndogo yenye askari wa mfano) ya vita vya Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Mtengenezaji simtaji, maana nina la kulalamika. Kwanza sifa: kuta za mawe zimechongwa vizuri, kila jiwe na umbo lake, na pembe moja imebomoka kana kwamba imepigwa kombora. Mlango una sentimita 5.7, yaani mita 2 halisi, kwa hiyo askari wangu hawainami kuingia.

Shida ni paa. Vigae vya plastiki vimepangika mno, kama vya benki mpya, na kipande kimoja kilifika kimepinda. Nikakitia kwenye maji ya moto, kikanyooka nusu. Sehemu iliyobaki imepinda nikaikata, mahali pake nikaweka vijiti vya mishikaki nilivyovichoma ncha, vikawa boriti zilizoungua. Wageni wanadhani nilikusudia!

Plasta hunyonya rangi kama sifongo, basi ipakeni kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Maelekezo? Karatasi moja, picha mbili, basi. Naipa nyota 3 kati ya 5, na zote ni za kuta.