Uzoefu wangu na hadithi fupi za Emilia Pardo Bazán: anzia kwenye soksi nyekundu

Emilia Pardo Bazán, mwandishi wa Uhispania, mzaliwa wa A Coruña (1851) katika Galicia, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, aliandika hadithi fupi zaidi ya 600. Wingi huo ndio unaowachosha wasomaji wapya. Mtu anachukua mkusanyiko wowote, anakutana na watakatifu, mizimu na visa vya Krismasi, kisha anauliza huo uhalisia anaosifiwa mama huyu uko wapi. Uhalisia upo, tena mkali, ila haupo katika kila ukurasa. Nimezisoma kwa Kihispania na kwa tafsiri ya Kiingereza, na ningemshauri yeyote asianze na kitabu kizima. Anza na hadithi moja, “Las medias rojas”, yaani soksi nyekundu, zile ndefu za kike.

Ni kurasa tatu hivi. Ildara, binti wa kijijini huko Galicia, anaingia ndani na mzigo wa kuni alizozikusanya kwa kificho kwenye msitu wa bwana mwenye ardhi. Baba yake anakatakata tumbaku, si kwa kisu bali kwa ukucha wake mgumu kama pembe, uliobadilika rangi kwa kuunguzwa na vipisi vya sigara. Binti anawasha moto, anachana mboga, anazitia kwenye chungu cheusi pamoja na viazi na maharage makavu ya msimu uliopita, hata hayakulowekwa. Akiinama kupuliza moto, sketi yake yenye viraka inapanda na mzee anaona mguu uliovaa soksi nyekundu ya pamba. Pesa umezitoa wapi? Ildara anajibu kwamba alimuuzia padri mayai.

Msomaji anajua kuwa huo ni uongo. Dalali wa wahamiaji ameshampa pesos tano za arubuni ya safari ya ng'ambo, na soksi zimenunuliwa humo. Soma aya hiyo mara mbili, kwa sababu ndiyo inayobeba hadithi yote. Soksi si urembo tu, ni ushahidi kwamba binti ameshajifunga kwa mkataba wa kuondoka. Mzee anapomvamia, Ildara anakimbilia kuuficha uso kwa mikono, kwani binamu yake Mariola aliwahi kuachwa na kovu la paji la uso pale mama yake mzazi alipompiga kwa duara la chekeche. Jina la Mariola linapita katika sentensi moja tu, lakini linakuambia kwamba kijijini humo kumtia binti alama si ajabu.

Mwisho nautaja makusudi, maana uzuri wa hadithi hii hauko katika kubahatisha litakalotokea. Ildara anapoteza jino na jicho moja, na meli haimchukui. Wanaokwenda huko lazima wawe wazima, na wanawake wawe na macho yao na meno yao yote. Kufikia mwaka 1914, hadithi hii ilipotoka, Wagalicia walikuwa wakimiminika Cuba na Argentina kwa maelfu. Mwandishi haelezi historia hiyo wala hamlaani baba. Anaacha masharti ya safari yatoe hukumu, nasi tunaelewa ni miguu na meno ya nani yalikuwa yakithaminiwa huko, na kwa kazi gani.

Sasa onyo kwa wanaotumia programu ya kutafsiri kwenye simu. Baba wa Ildara anaitwa “tío Clodio”, na programu hukuletea “mjomba Clodio”. Ukishalimeza hilo, hadithi nzima imeharibika, kwa kuwa unadhani binti anapigwa na mjomba, kumbe ni baba aliyemzaa. “Tío” hapo ni jina la kumwitia mtu mzima wa kijijini, kama tunavyosema Mzee Clodio. Vilevile “cuartos” ni hela, wala si vyumba. “Gancho” kamusini ni ndoano, lakini humu ni yule dalali. “Abade” na “merqué” ni mazungumzo ya watu wa Galicia, yaani padri na nilinunua. Andika maneno hayo matano pembeni kabla hujaanza, yatakuokoa.

Ya pili iwe “El encaje roto”, lesi iliyochanika, ya mwaka 1897. Micaelita anasimama mbele ya askofu, anaulizwa kama anamkubali Bernardo, anajibu kwa sauti kubwa: hapana. Ukumbi unaduwaa. Sababu inajulikana miaka mitatu baadaye, anapomweleza rafiki yake kwenye bafu za maji ya tiba. Kabla ya ndoa lesi aliyokuwa amevaa, lesi ya kale ya Alençon, Ufaransa, aliyopewa na mchumba kutoka hazina ya familia, ilinasa kwenye chuma cha mlango ikachanika. Akageuka, akauona uso wa Bernardo umejikunja kwa hasira, mdomo wazi tayari kwa matusi ambayo watu waliokuwepo waliyazuia. Ni sekunde chache tu, lakini zilimtosha.

Wasomaji wengi hukwama hapo: mbona hakusema mapema? Jibu limo ndani ya hadithi na ni rahisi kulipita. Micaelita anasema hakutoa sababu kwa kuwa ilikuwa ndogo mno, nao watu hawaamini mambo madogo, hutaka siri kubwa na za kutisha. Uzito unaongezeka ukikumbuka sheria. Kanuni ya Kiraia ya Uhispania ya mwaka 1889, kifungu cha 57, ilimtaka mume amlinde mke na mke amtii mume. Talaka ya kuvunja ndoa haikuruhusiwa hadi 1932. Pale madhabahuni palikuwa mlango wa mwisho, na yeye aliutumia.

“El indulto” (1883) naipenda kuliko zote, ila isome ukiwa na nafasi moyoni. Antonia ni kibarua anayefua nguo mahali pa umma pa kufulia huko Marineda, mji ambao kwa kweli ni A Coruña iliyobadilishwa jina. Mumewe alimuua mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa Antonia, akafungwa miaka 20, akaapa kwamba akitoka zamu ni ya Antonia. Kisha unaanza uvumi wa msamaha wa mfalme. Angalia jinsi wafuaji wanavyojadili sheria wakiwa wameinamia maji baridi ya Machi, na kila wanachokijua hakimsaidii mwenzao. Mume anarudi na hampigi. Asubuhi Antonia amekutwa amekufa, hana jeraha. Woga ndio uliomuua, nayo dola ndiyo iliyoufungulia mlango.

“Feminista” ni fupi na nyepesi: bwana anayemvalisha mkewe suruali yake asubuhi ya kwanza ya ndoa ili ajue nani mwenye nyumba, na malipo yake akiwa mgonjwa.

Kuna mawili yaliyonikera. Hadithi hizi nyingi ziliandikwa kwa ajili ya magazeti kama El Liberal na Blanco y Negro, na nafasi ilikuwa finyu, hivyo mbinu zinajirudia: rafiki anamsimulia rafiki, iwe klabuni, kwenye treni au kwenye maji ya tiba. Ukisoma kumi mfululizo utaiona mishono. Mbili kwa siku zinatosha. La pili, mwandishi alikuwa mtu wa tabaka la juu, na mara nyingine mkulima wake anachorwa kama mnyama wa kazi. Ule ukucha wa Clodio unavutia, lakini jiulize kama bwana wa mjini angechorwa hivyo.

Maandishi yake yako huru bila malipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes. Tafuta kwa jina la hadithi, si la kitabu, kwani hadithi ileile huingizwa katika mikusanyiko tofauti. Anayehitaji Kiingereza atafute Torn Lace and Other Stories, tafsiri ya María Cristina Urruela (1996). Ina pacha wake wa Kihispania, kwa hiyo unaweza kuvilaza viwili mezani na kulinganisha mstari kwa mstari.

“Un destripador de antaño” (1890) iachie jioni nzima, maana ni ndefu kuliko hizo zote. Minia, yatima anayelelewa kwenye kinu cha mjomba wake, anaishi miongoni mwa watu wanaoamini kwamba mfamasia wa Santiago de Compostela, mji wa Galicia, hutengeneza dawa kwa mafuta ya wasichana. Sisi tungemwita mumiani. Mfamasia hana hatia yoyote, ila kodi ya shamba imekwama na shangazi Pepona ameanza kupiga hesabu ya bei.