YAML au properties kwa mradi wa Spring Boot?

Hapa Moshi tunatengeneza mfumo wa kupokea wageni wa mlimani, na suala la faili la mipangilio limerudi tena mezani. Spring Boot, zana ya kujengea programu za Java, inakubali aina zote mbili za faili hilo: properties na YAML.

Properties ni mstari mmoja, jambo moja. Majina marefu yanajirudia mpaka macho yanachoka, lakini kila thamani inasomwa kwanza kama maandishi tu.

YAML inapendeza kuisoma: mipangilio ya hifadhidata inakaa pamoja chini ya kichwa kimoja. Ila nafasi zikizidi, maana inabadilika, na kitufe cha Tab hakikubaliki kabisa kujongezea mstari. Kilichoniumiza hasa ni namba ya simu ya mapokezi. Niliiandika bila alama za kunukuu. Ilianza na 07, tarakimu zote chini ya 8. Kwa kanuni za YAML toleo la 1.1 ikasomwa kwa msingi wa nane badala ya kumi tuliouzoea, ikatoka namba nyingine kabisa, na ujumbe wa wageni haukufika. Tangu siku hiyo kila namba ya simu naifungia ndani ya nukuu.

Kwa mradi mdogo nachagua properties. Mipangilio ikiwa na matawi mengi, YAML. Msichanganye aina hizo mbili kwenye folda moja: jina la mpangilio likigongana, properties ndiyo hushinda.