Weber ya mkaa au jiko la peleti?

Kwa sato wa Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza, mimi nabaki na Weber ya mkaa, jiko la kuchomea, lile la duara alilolibuni George Stephen mwaka 1952. Jiko la peleti linafaa nyama ya kukaa motoni saa nyingi: mota inasukuma peleti, yaani vipande vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, feni inapuliza, joto linatulia. Ila umeme ukikatika hapa Kirumba, samaki anabaki mbichi, na hizo peleti sijazikuta dukani. Mkaa upo kila kona.

Kifaa cha kuigeuza Weber iwe ya peleti? Unalifungia waya jiko ambalo halikuuhitaji! Hela hiyo nunua pete ya chuma yenye mhimili wa kuzungushia kuku. Akiwa wa kienyeji ni mgumu, mchemshe kwanza.