Maabara iliyotuzungusha na kinyama cha mdogo wangu

Naandika hasira zikiwa bado za moto. Mdogo wangu alianza kuanguka kifafa kipindi cha masika, MRI ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, akafanyiwa upasuaji, wakachukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima. Upasuaji sina neno nao. Ninayemsema hapa ni maabara binafsi ya hapa Dar es Salaam iliyopelekewa kile kinyama.

Majibu ya kwanza: glioma, yaani uvimbe unaoanzia kwenye ubongo wenyewe, daraja la 2, lile la wanaokua polepole. Nyumbani tukashusha pumzi, lakini daktari wake hakuridhika. Alisema kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, darubini peke yake haitoshi kuupa uvimbe wa aina hii jina. Lazima vinasaba vipimwe. Jeni ya IDH ikiwa imebadilika, na vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) viitwavyo 1p na 19q vimepotea vyote viwili, hiyo ni oligodendroglioma, ambayo mara nyingi huitikia vizuri mionzi na dawa. IDH ikiwa haijabadilika, uvimbe unaoonekana mpole unaweza kukutwa kuwa ni glioblastoma, daraja la 4, kali kuliko yote. Kwa hiyo kibloku cha nta chenye kile kinyama kilitakiwa kiende India, na haraka.

Nikaenda mapokezi. Dada wa pale hata salamu hakuitikia. "Majibu si mlishapewa? Mnataka nini tena?" Nikaleta barua ya daktari, akasema haina muhuri. Nikaleta yenye muhuri, akasema mwenye funguo za stoo yuko likizo. Siku moja akanipazia sauti mbele ya watu: "Kaka, mgonjwa wako si wa kwanza kuwa na kansa!" Nilitetemeka mwili mzima. Mdogo wangu wakati huo alikuwa anasahau majina ya wanawe.

Aliyetuokoa ni daktari wa patholojia, yaani anayechunguza vinyama, wa hapohapo, mama mtu mzima aliyenikuta nimesimama koridoni. Alinisikiliza, akaingia ndani, akarudi na kibloku na slaidi zake, akaniomba radhi. Akanieleza kuwa hawakukiacha kinyama kwenye formalini, dawa ya kukihifadhia, kupita muda wake, kwani kikizidisha humo DNA huharibika na kipimo cha vinasaba hugoma. Na kweli, India walikipima bila shida: IDH imebadilika, 1p na 19q vimepotea, yaani ni ile oligodendroglioma. Mama yetu alilia kwa shukrani.

Kwa kazi ya yule daktari ningewaambia nendeni, tena bila wasiwasi. Lakini kila nikikumbuka kwamba kibloku kilikuwa kabatini wiki zote zile, siwezi. Hapana, siwapendekezi. Kama daktari wenu amewaelekeza huko na hamna namna nyingine, ulizeni utaratibu wa kutoa kibloku kabla ya kulipa, mwandikiwe kwenye karatasi, na mkisumbuliwa dirishani mwombeni daktari wa patholojia mwenyewe.