Podi ya wati kwenye kiatu: nlivyorudi kwenye marathoni baada ya kuumia kisigino

Haya, asubuhi pale Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, kila mtu yuwaniuliza hiki kidude nlichobana kwenye kamba za kiatu ni nini, basi naandika hapa nimalize maneno mara moja. Ni podi ya kupima wati. Kama wale wa baiskeli wanavyohesabu wati kwenye pedali, hii nayo inakwambia unatoa nguvu kiasi gani ukikimbia, na namba unaiona kwenye saa papo hapo. Jina la kampuni siliandiki, zipo kadhaa, na mengi ntakayosema yanahusu njia yenyewe kuliko chapa.

Kwanza mjue nlikotoka. Januari, kaskazi inachoma, nikaongeza kilomita kwa pupa, ndani ya wiki tatu nikatoka 35 kwa wiki hadi 60, na nyuma ya kisigino pale kwenye ile kano nene pakaanza kukaza kila nikishuka kitandani. Nikajipa moyo itapita. Haikupita. Mwisho wa Februari hata kwenda sokoni Kongowea nachechemea. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, akanisimamisha mbio kabisa akanipa kazi ya ngazi: unasimama ukingoni mwa kidato kwa vidole, unashusha kisigino polepole, mara 15, seti 3 goti limenyooka, seti 3 goti limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Linachosha roho lakini jamani lifanyeni, ndo lililonirudisha mie. Podi haikutibu kitu.

Podi imenisaidia kwenye kurudi, na hapo ndo penye neno. Kano ikianza kupona unajisikia mzima, pumzi ipo, miguu ina hamu, unatoka na spidi ya zamani na hakuna kinachouma, halafu kesho yake asubuhi ndo kisigino kinakujibu. Fizio alinambia, "Dada, shida yako sasa si mguu, ni haraka." Na kuangalia spidi kwenye saa kulizidi kunitia haraka, maana hapa kwetu spidi yadanganya sana. Ukishuka feri ukapanda ule mwinuko saa inakuonyesha dakika 9 kwa kilomita, unajiona goigoi, unakaza, kumbe mlimani ndo kano yabeba mzigo zaidi. Au kusi inavuma unakimbia uso kwa upepo, unatoa jasho mpaka la mwisho na saa yasema huendi popote.

Mlimani wati haina hayo. Tulikubaliana na fizio nisipite 160, mwanzo natembea dakika 4 nakimbia 1, halafu 3 kwa 2, kila wiki tunasogeza kidogo. Mwinuko ukija, 160 inabaki 160, yaani nlikuwa karibu natembea, na watu wananipita na mie nawaacha waende. Nlikuwa siwezi hilo zamani, walai. Na asubuhi ya pili nashuka kitandani napima kisigino: kama kimekaza kuliko jana, siku hiyo ni ngazi tu, hakuna mbio.

Sasa inavyofanya kazi, maana wengine wanadhani inapima nguvu moja kwa moja kama mizani. La. Ndani mna vihisi vya mwendo, inasoma mguu unavyonyanyuka na kutua, spidi, mwinuko, halafu inapiga hesabu pamoja na uzito wako uliouandika kwenye apu. Kwa hivyo uzito ukiandika sio, namba zote sio. Mie nlinenepa kilo 4 nikiwa nimekaa, apu bado inajua 62 na mie ni 66, karibu wiki 2 nimefanya mazoezi na namba ya chini kuliko kazi nlokuwa nafanya kweli, na ndo zile wiki kisigino kilianza tena kulalamika. Pimeni uzito kwanza. Na usichanganye vifaa: siku hizi saa za Garmin, Polar, Coros na hata Apple zinatoa wati bila podi, lakini kila kampuni ina hesabu yake, 200 ya huku si 200 ya kule. Chagua kimoja ukae nacho.

Julai fizio akaniruhusu kukimbia kwa nguvu zote, nikafanya jaribio la kutafuta ile namba ya ukomo, wenyewe wanaiita kritikali pawa, nguvu unayoweza kuihimili kwa muda mrefu kabla mwili haujaanza kuzama. Unakimbia dakika 3 kadri ya uwezo wako, unapumzika vizuri sana, kisha dakika 9. Mie nlipata wastani wa 281 na 246. Hesabu yake si ngumu, 246 mara 9 toa 281 mara 3, gawa kwa 6, inakuja 228. Kabla sijaumia sikuwa na namba yoyote ya kujilinganisha nayo na kusema kweli ilinisaidia, nlianza na 228 kama mtu mpya bila kudai deni la zamani. Mazoezi mengi yakawa chini ya asilimia 80 ya hiyo, na kazi ngumu mara moja kwa wiki basi. Oktoba nlikuwa nshafika 246.

Lakini sikilizeni hapa watu wa Mombasa, maana hili sikuambiwa na mtu. Wati haijui joto. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nakimbia 175 moyo unapiga 142, tuseme raha. Jumapili moja nlichelewa nikatoka saa mbili na nusu, fukuto limeshakaa, wati ile ile 175, moyo 163 na kichwa chagonga. Kifaa kinaona miguu tu, hakioni damu inayopelekwa kwenye ngozi kupoza mwili wala jasho lisilokauka kwa ule unyevu wa pwani. Ukifuata wati peke yake kwenye joto letu utaanguka. Mie naweka vyote viwili kwenye skrini, moyo ukipita 155 kwenye mbio ndefu nashusha wati, hata kama mpango wasema vingine.

Na Nairobi ni hadithi nyingine. Nlikimbia marathoni ya kule mwisho wa Oktoba, mtu wa usawa wa bahari anapanda zaidi ya mita 1,700, hewa nyepesi, ile 246 yangu ya Mombasa kule haipo. Kwa hapa ningeshika asilimia 84, kama 207. Nikapunguza asilimia 7 zaidi nikaandika 192 kwa kalamu kwenye mkono. Milima ya barabara ya Southern Bypass watu wanaipanda kwa kasi mie nimeshikilia 192, kwenye kilomita ya 33 nikaanza kuwakuta mmoja mmoja. Nikamaliza kwa muda wa saa 4 na dakika 19. Asubuhi yake nimeshuka ngazi za gesti, mapaja yanalia lakini kisigino kimya kabisa, nikasimama pale kwenye ngazi nikashukuru.

Malalamiko yangu. Muuzaji wa mtandaoni aliniletea baada ya wiki 3 badala ya moja na kibanio kilikuwa na ufa, kukibadilisha ilikuwa kazi, na jumla na ushuru ilinitoka Sh 38,000, si pesa ya kuchezea. Mpango wa mazoezi ndani ya apu ni wa kulipia kila mwezi, sikulipa na sikuona pengo. Kuna michoro mingine kibao, sijui mguu unagusa chini milisekunde ngapi, sijui ugumu wa springi ya mguu, nimeiangalia mwezi mzima haijabadilisha chochote ninachofanya. Betri haina shida. Jasho letu la chumvi ndo ulifikirie, mie naifuta kwa kitambaa kibichi kila nikirudi.

Anayeanza mbio asinunue, pesa hiyo akanunue viatu viwili vizuri. Mwenye saa inayotoa wati tayari aanze na hiyo. Lakini kama umetoka kuumia na unajijua una haraka, hii ni ya kwako, na kama unasita njoo Mama Ngina karibu na lighthouse Jumanne au Alhamisi alfajiri, ntakuazima yangu wiki moja ujaribu mwenyewe. Ubadilishe uzito tu kwanza.