Hilux, tela la ng'ombe na mabaluni ya upepo: nini kinafaa?

Karibuni wadau. Leo niko na Hilux ya dabo kabini, nyuma tumefunga tela, ndani kuna Friesian watatu wanaokwenda Mbarara. Hao peke yao si chini ya tani moja na nusu.

Tazameni gari kabla hatujaongeza chochote. Limekaa kitako, pua juu. Usiku kwenye barabara ya Masaka kila anayekuja mbele atakumulika, akidhani umewasha fulu. Usukani nao mwepesi mno, na hapo ndipo pa kuogopa. Kwenye Hilux hii, ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana kama mita 3.1, na ndoano ya tela iko kama mita moja na robo nyuma ya ekseli. Tela likiikandamiza ndoano kwa kilo 200, ekseli ya nyuma inabeba kama 280, maana 80 zimenyanyuliwa kutoka tairi za mbele. Tairi hizohizo ndizo unazotegemea kwenye kona na breki.

Haya, dawa ya kwanza ni ile ya mafundi wa Kisekka na Ndeeba, kule Kampala: ongeza jani moja, yaani bapa la chuma, kwenye springi. Bei nafuu, na mzigo linabeba kweli. Ila shusha ng'ombe urudi mtupu upite matuta ya Lukaya, mgongo utakusimulia.

Ya pili ni mabaluni, yanakaa kati ya chesisi na ekseli, unayajaza upepo kama tairi. Haya nimeyapenda. Pua imeshuka, taa zimerudi barabarani, na ukiwa mtupu unapunguza upepo. Usiumalize wote, bakiza kile kiasi cha chini alichosema mtengenezaji, la sivyo baluni litajikunja lijisugue. Bomba lake lipite mbali na ekzosi, joto litaliyeyusha.

Lakini sikilizeni, hapa ndipo wengi wanadanganyika. Baluni limenyanyua bodi tu. Zile kilo 80 hazijarudi mbele! Gari linaonekana limenyooka, tairi za mbele bado nyepesi. Tena baluni linasukuma chesisi sehemu moja, wakati springi inagawa uzito kwenye ncha zake mbili. Ukizidisha mzigo kwenye barabara mbovu, chesisi inaweza kupinda nyuma ya kabini.

Ya tatu ni shokapu nzito. Hazibebi uzito hata kidogo, ila kwangu ndizo zilizoleta tofauti kubwa. Mwanzoni kila tuta tela lilikuwa linaendelea kulisukasuka gari. Sasa linatulia mara moja, hata kwenye marram, barabara ya udongo, ya Sembabule.

Kwa hiyo pesa yangu inaanzia kwenye shokapu, kisha mabaluni kama unarudi mtupu mara nyingi. Jani la ziada namwachia anayebeba mzigo kila siku. Na kabla hujanunua lolote, panga ng'ombe: mzito kabisa akae juu ya ekseli ya tela, ndoano ibaki na kama asilimia 10 ya uzito wa tela lote. Usiwasogeze wote nyuma ukidhani unaipunguzia Hilux kazi. Ndoano ikiwa nyepesi sana, tela litaanza kuyumba ukiongeza mwendo, na hakuna shokapu itakayolizuia.

Fundi akishafunga, rudi akaze tena nati za yuboliti, zile zinazobana springi kwenye ekseli, baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Zinalegea.